Majani kama malighafi ya mavazi na sanaa katika Mbulu na Hanang

Majani kama malighafi ya mavazi na sanaa ni matumizi ya majani ya mimea (ya mboga, ya mazao ya shambani na ya porini) kutengenezea vitu vya kuvaa, kubebea, kutandika au kupamba. Makala hii inahusu hasa wilaya za Mbulu na Hanang katika Mkoa wa Manyara, kaskazini mwa Tanzania, pamoja na mifano ya sehemu nyingine inayosaidia kueleza mambo ya huko.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba wenyeji wa wilaya hizo hawakuvaa majani. Mavazi yao ya zamani yalikuwa ya ngozi, na baadaye nguo za pamba. Majani yalifunga, yalibeba, yaliezeka na yalitandikwa. Anayejaribu leo kushona vazi kwa majani katika eneo hili anajaribu jambo jipya, na inafaa aelewe kwa nini wazee walichagua ngozi kabla ya kulaumu jani linalompasukia mkononi.

Eneo na watu wake

Mbulu ni nchi ya juu yenye baridi, iliyo juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Upande wa magharibi ardhi inashuka hadi Bonde la Yaeda na Ziwa Eyasi, ambako ni joto na kukavu. Hanang iko kusini, na katikati yake unasimama Mlima Hanang wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400. Makao makuu ya wilaya hiyo ni Katesh, na chini ya mlima kuna Ziwa Balangida lenye maji ya chumvi. Hadi mwaka 2002 wilaya zote mbili zilikuwa sehemu ya Mkoa wa Arusha.

Wakazi wengi wa Mbulu ni Wairaqw, ambao huitwa pia Wambulu na wanasema lugha ya Kikushi. Katika Hanang wako Wairaqw pamoja na Wabarabaig, tawi la Wadatoga, ambao lugha yao ni ya Kiniloti. Katika Bonde la Yaeda wanaishi Wahadzabe, ambao lugha yao yenye vidoko haina ndugu anayejulikana. Majirani wa upande wa Singida, kama Wanyaturu na Wanyiramba, ni Wabantu. Mahali ambapo jamii tofauti hivi zimekaa karibu, mmea mmoja huweza kuwa na majina manne na kazi nne.

Tofauti ya mwinuko ina maana kubwa kwa habari ya majani. Kwenye nyanda za juu hustawi kabichi, sukuma wiki, vitunguu, mahindi na ngano. Kwenye mabonde makavu hukua mimea yenye majani manene na magumu inayostahimili ukame. Mimea ya kundi la kwanza ina majani laini yasiyodumu. Ya kundi la pili ina majani yanayodumu lakini yenye kukwaruza ngozi. Kazi yote ya mtu anayetaka kutengeneza vazi la majani iko katikati ya mambo hayo mawili.

Mavazi ya ngozi

Wanawake wa Kiiraqw walivaa sketi za ngozi zilizopambwa kwa shanga. Zile nzuri kuliko zote zilihusiana na unyago wa wasichana ulioitwa marmo, desturi iliyokoma katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Baadhi ya sketi hizo zimehifadhiwa katika makumbusho, zikiwa na mishono na michoro ya shanga iliyohitaji muda mrefu wa kazi. Kwa Wabarabaig, sketi ya ngozi yenye nyuzi ndefu zinazoning'inia ni vazi la heshima la mwanamke aliyeolewa, na bado huonekana. Wahadzabe nao walivaa ngozi za wanyama waliowawinda.

Sababu yake ni rahisi. Mfugaji ana ngozi nyumbani. Ngozi ikilainishwa kwa mafuta hujikunja bila kuvunjika, huzuia upepo wa baridi wa Mbulu, na hudumu kwa miaka. Hakuna jani la eneo hili linaloweza kushindana nayo kwa mambo yote matatu. Nguo za pamba zilipoanza kufika bara kutoka Zanzibar katika karne ya 19, hasa kitambaa cheupe kilichoitwa amerikani kwa kuwa kilifumwa Marekani, zilishindana na ngozi, si na majani.

Hata hivyo, kwenye sherehe na mashindano ya ngoma nchini ni kawaida kuwaona wachezaji wamevaa sketi za katani au za majani makavu, zikitangazwa kuwa ni mavazi ya asili. Kwa mchezo wa jukwaani hilo halina ubaya: sketi ya katani ni nyepesi, ni ya bei nafuu, na hucheza vizuri kiuno kinapotikiswa. Ubaya huja pale mtoto wa Kiiraqw au wa Kibarabaig anapoambiwa kwamba bibi zake walivaa majani. Kwa neno hilo moja ufundi wa kulainisha ngozi na kutunga shanga unafutwa, na mahali pake linawekwa wazo la kwamba watu wa kale walichuma tu chochote porini wakajifunika. Kikundi kinachotaka kuonyesha historia hakina budi kuitafuta ngozi. Kikundi kinachotaka kubuni kitu kipya kwa majani kina uhuru kamili, mradi kiseme kwamba ni kipya.

Kwa nini jani bichi halidumu

Jani ni kiungo chenye maji mengi. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito wa kabichi ni maji, kwa hiyo kilo moja ya majani yake ikikaushwa kabisa hubaki chini ya gramu 100. Maji yale ndiyo yanayolifanya jani liwe laini na lenye umbo. Yakiondoka, seli hunywea, jani hujikunja, na likikunjwa zaidi huvunjika. Vazi lililoshonwa asubuhi kwa majani mabichi ya sukuma wiki hupendeza hadi mchana, na jioni ni chakula cha mbuzi.

Kuna tofauti pia ya mpangilio wa mishipa. Katika majani ya kabichi, maboga, kunde na mpapai, mishipa imesambaa kama wavu. Wavu huo hulishika jani lisichanike ovyo lakini hautoi uzi mrefu. Katika majani ya mkonge, minazi, mikindu, migomba, mahindi na nyasi, mishipa hukimbia sambamba. Majani ya namna hii huchanika kirahisi kwa urefu, na ndiyo maana hutoa ukanda au uzi. Karibu kazi zote za ususi wa majani katika Afrika ya Mashariki hutumia kundi hili la pili. Mwanafunzi anaweza kulithibitisha kwa kuchana jani la boga na jani la muhindi kwa vidole vyake.

Kwa hiyo kuna njia tatu za kufanya jani litumike kwa muda mrefu. Ya kwanza ni kulikausha na kulisuka likiwa ukanda, kama ifanywavyo kwa ukindu. Ya pili ni kuondoa nyama ya jani na kubakiza nyuzi tu, kama ifanywavyo kwa mkonge. Ya tatu ni kulivunjavunja jani lote na kulitengeneza upya kuwa karatasi au kitu kinachofanana na ngozi.

Mimea inayopatikana

Mkonge (Agave sisalana) si mmea wa asili wa Afrika. Ulitoka Meksiko, na historia ya kufika kwake inajulikana vizuri: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo lilikua zao lililoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, na mwaka 1964 uzalishaji ulifikia takriban tani 230,000. Mashamba makubwa yalikuwa Tanga na Morogoro, lakini mmea wenyewe ulisambaa hadi mikoa ya ndani kwa sababu hufaa kuwa ua na mpaka wa shamba. Mmea huishi kwa miaka kadhaa, hutoa majani yapatayo 200 hadi 250, kisha huchanua mara moja juu ya mlingoti mrefu na kufa.

Jani moja la mkonge lina nyuzi zipatazo 1,000. Nyuzi hizo, zinazoitwa katani, ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani bichi, nyingine ni maji na nyama ya jani. Katani ni imara sana kwa kamba, mazulia, mifuko na vikapu. Kwa nguo tatizo lake ni unene: uzi mmoja wa katani una kipenyo cha mikromita 100 hadi 300, na wa pamba una mikromita 12 hadi 20. Uzi wa katani ni mnene mara 10 hivi au zaidi, tena ni mgumu, kwa hiyo ncha zake huchoma ngozi ya mvaaji. Hufaa kwa mkanda, kofia, mkoba, kandambili, au vazi linalovaliwa juu ya nguo nyingine.

Mkonge-pori ni jina la jumla la mimea ambayo zamani wataalamu waliiita Sansevieria na siku hizi huiweka katika jenasi ya Dracaena. Hii ni mimea ya asili ya Afrika ya Mashariki. Mmoja wao ndio uliolipa jina korongo maarufu la Oldupai, lililoko Ngorongoro kaskazini mwa Mbulu: Wamasai huuita mmea huo oldupai, na Mjerumani Wilhelm Kattwinkel aliyefika hapo mwaka 1911 alilisikia vibaya, ndipo ikaandikwa Olduvai. Wamasai hutumia majani yake kwa kamba na hata kwa kufunga vidonda. Nyuzi zake ni laini kidogo kuliko za katani na hutoka kwa kukwangua kwa mkono bila mashine. Kwa kuwa mmea unajiotea kwenye vichaka vya mabonde makavu, kwa mtu wa eneo hili ndio wa kuanza nao majaribio. Inavutia pia kwamba isale la Wachaga, jani linalopelekwa kwa mtu kuomba msamaha, ni la jenasi hiyohiyo ya Dracaena.

Mkindu (Phoenix reclinata) hukua kando ya mito, chemchemi na maziwa, na uko kwa wingi kuzunguka Ziwa Manyara. Majani yake machanga, ambayo hayajafunguka, ndiyo yanayotoa ukindu. Huko pwani na visiwani wanawake huyakausha, huyachana, huyachemsha katika rangi na kuyasuka kuwa mikanda mirefu iitwayo ukili. Kisha ukili huunganishwa kwa kushonwa ubavu kwa ubavu hata kupata mkeka, kofia au kikapu. Mtu asiyewahi kusuka hudhani kwamba mkeka husukwa wote kwa mara moja. Ukweli ni kwamba ukili unaweza kusukwa nyumbani, kibarazani au njiani, na kushona kukaja baadaye. Kwa mshonaji wa mavazi hili ni somo kubwa, maana ukanda mwembamba ulioshonwa kwa mzunguko hufuata umbo la kichwa au la kiuno, jambo lisilowezekana kwa jani zima.

Muhindi hutoa malighafi ambayo haihitaji kutafutwa: maganda yanayolifunika gunzi, ambayo kwa kweli ni majani. Yale ya ndani ni meupe na laini, yakiloweshwa hujikunja kama kitambaa, na yakikauka hubaki na umbo alilolipa mtu. Hufaa kwa wanasesere, maua, mikanda ya kusuka na mapambo ya kofia. Kasoro yake ni kwamba hupasuka yakikunjwa makavu, kwa hiyo si ya vazi linalokaliwa.

Mgomba hutumiwa kwa namna mbili. Majani yake makavu yana rangi nyingi za kahawia, kuanzia ya mchanga hadi ya kahawa, na wasanii wa Tanzania, Kenya na Uganda huyakata na kuyabandika juu ya karatasi au kitambaa kufanya picha bila kutumia rangi yoyote. Shina la mgomba nalo si shina halisi: ni mashina ya majani yaliyofunikana. Nyuzi zake ni majani vilevile kwa asili, na huko Uganda kampuni ya TEXFAD huzitumia kwa mazulia na vitambaa.

Mboga na vitunguu

Majani ya mboga, yaani kabichi, sukuma wiki, mchicha, figiri na majani ya maboga, ndiyo yanayomjia mtu haraka akilini, na ndiyo dhaifu kuliko yote kwa vazi. Msanii Yeonju Sung wa Korea Kusini alijulikana kwa mavazi aliyoyaunda kwa mboga na vyakula vingine. Kilichobaki baada ya kazi yake ni picha, kwa maana mavazi yenyewe yalinyauka na kuoza, naye alikusudia hivyo. Sanaa ya namna hiyo ina nafasi yake, lakini katika nyumba ambayo mboga ni kitoweo cha siku, ni vigumu kumweleza mama mwenye nyumba kwa nini fungu zima la sukuma wiki limeshonwa. Yafaa kutumia yale majani ya nje ya kabichi ambayo sokoni huondolewa na kutupwa.

Jani la mboga linaweza kutunzwa kidogo kwa gliserini, inayouzwa katika maduka ya dawa. Gliserini sehemu moja huchanganywa na maji ya moto sehemu mbili, na jani hukaa humo siku kadhaa. Maji ya jani hutoka, gliserini huingia mahali pake na haikauki, kwa hiyo jani hubaki linajikunja. Njia hii hufanya vizuri zaidi kwa majani manene yenye nta kuliko kwa mchicha, ambao hulegea na kuwa kama uji.

Faida kubwa ya mboga iko katika alama na rangi. Jani bichi likiwekwa kati ya vipande viwili vya kitambaa cha pamba na kugongwa kwa nyundo au jiwe laini, huacha picha yake pamoja na mishipa. Rangi hiyo ya kijani hupauka juani, kwa kuwa klorofili haistahimili mwanga. Maganda makavu ya vitunguu ni bora zaidi. Kitunguu ni majani yaliyonenepa, na maganda yake yakichemshwa hutoa rangi ya njano hadi kahawia-nyekundu inayoshika katani na pamba, hasa zikitanguliwa kuloweshwa katika maji yenye shabu. Vitunguu hulimwa kwa wingi Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, na maganda yake sokoni hayana mwenyewe.

Kabichi nyekundu ni ya kuchezea zaidi kuliko ya kutumia: maji yake huwa mekundu yakitiwa ndimu na huwa ya buluu au kijani yakitiwa magadi. Walimu wa kemia huitumia kuonyesha asidi na besi. Nguoni haishiki.

Kutoa nyuzi

Njia ya mkono kwa mkonge-pori na mkonge ni moja. Majani ya chini, yaliyokomaa, hukatwa kwa kisu kikali na miiba huondolewa. Jani hupondwa kidogo kwa rungu juu ya gogo bila kukata nyuzi. Kisha hulazwa juu ya ubao ulioinama na kukwanguliwa kwa ukingo butu wa mti au bati, kuanzia katikati kwenda ncha moja, halafu ncha ya pili. Nyama ya kijani hutoka na nyuzi nyeupe hubaki. Zioshwe papo hapo kwa maji mengi, kwa sababu zikikauka na utomvu hubadilika kuwa za kahawia na ngumu. Huanikwa juani nusu siku na kuchanwa kwa kitana au brashi ya misumari.

Utomvu wa mkonge huwasha sana. Mikono ifunikwe, macho yakingwe, na watoto wadogo wasipewe kazi hii. Mashambani kazi hiyo hufanywa na mashine kubwa iitwayo korona, inayosaga na kuosha majani kwa mkupuo.

Njia nyingine ni kuozesha. Majani yaliyopondwa hufungwa mafungu na kuzamishwa majini siku kadhaa mpaka nyama ilainike, kisha yakaoshwa. Wanawake wa pwani wanaifahamu kazi hii kwa makumbi ya nazi, ambayo hufukiwa kwenye mchanga wa bahari kwa miezi kabla ya kupigwa na kutoa usumba. Nyuzi za kuozesha huwa laini kuliko za kukwangua, lakini zikikaa zaidi ya kiasi hupoteza nguvu. Maji yake hunuka na huua samaki, kwa hiyo yasimwagwe kijitoni. Katika nchi ambayo ng'ombe na watu hunywa chemchemi moja, hilo si jambo dogo.

Uzi hupotwa kwa kuviringishwa juu ya paja: mafungu mawili huviringishwa pamoja kwenda mbele, kisha hurudishwa nyuma ili yajisokote. Ndivyo wanawake wa Kikamba na Kikikuyu nchini Kenya walivyopota nyuzi za viondo vizazi na vizazi, kwanza kwa magamba ya miti na baadaye kwa katani.

Magadi na kulainisha

Eneo la Bonde la Ufa lina maziwa ya chumvi na magadi, na kwa fundi wa majani magadi yana thamani. Magadi ni besi. Majani makavu yakichemshwa katika maji ya magadi kwa saa kadhaa, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi huyeyuka. Kwa katani, kuchemsha kidogo hugawanya nyuzi nene na kuzilainisha, kisha zioshwe mpaka maji yawe safi. Majivu ya kuni hufanya kazi hiyohiyo kwa udhaifu zaidi.

Maganda ya mahindi yakichemshwa hivyo na kutwangwa kinuni huwa rojo. Rojo hiyo ikichanganywa na maji mengi katika beseni na kuchotwa kwa wavu uliowambwa kwenye fremu, maji huchuruzika na kubaki utando, ambao ukikauka ni karatasi. Ni nene na yenye chembechembe, na hupokea wino na rangi vizuri. Kwa shule yenye mahindi na isiyo na karatasi za kuchorea, hakuna jaribio lenye faida ya haraka kuliko hili.

Rangi nyingine

Katani ni selulosi, na ngozi ni protini. Ndiyo sababu rangi inayokubali kwenye moja huweza kukataa kwenye nyingine. Hina, ambayo ni majani ya mhina yaliyosagwa, hushika vizuri nywele, kucha na ngozi, lakini kwenye katani hufifia. Majani ya chai hutoa kahawia, na yakitiwa maji yenye kutu ya misumari hugeuka kijivu au karibu nyeusi. Nili, rangi ya buluu, hutolewa kwa kuvundika majani ya mimea fulani ya jenasi Indigofera, na kabla ya rangi za viwandani ilikuwa biashara kubwa ya dunia. Wasusi wengi wa ukindu siku hizi hununua rangi za unga madukani kwa kuwa huwaka zaidi na hupatikana kwa rangi zote.

Mifano ya nchi nyingine

Kwamba jani linaweza kuwa nguo kamili kumethibitishwa mahali pengi. Wakuba wa Kasai, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hufuma vitambaa kwa utando wa majani ya mwale, mtende wenye majani marefu kuliko karibu mimea yote. Wanaume hufuma, na wanawake hutarizi. Kitambaa kikitoka kwenye kitanda cha mfumi ni kigumu, ndipo hutwangwa mpaka kilainike. Huko Ufilipino nyuzi za majani ya mnanasi hufumwa kuwa kitambaa chepesi kinachopenyeza mwanga, kinachoshonewa mashati ya wanaume ya sherehe. Mhispania Carmen Hijosa naye alibuni Piñatex, kitu kinachofanana na ngozi kinachotengenezwa kwa nyuzi za majani ya mananasi zilizokandamizwa pamoja bila kufumwa.

Katika mifano hiyo watu wameongeza kazi ya kulainisha. Majani ya mananasi hayapatikani kwenye baridi ya Mbulu. Lakini kanuni ya kutwanga na ya kukandamiza inaweza kujaribiwa kwa mkonge-pori.

Soko na mazingira

Katani ilianguka kwa sababu ya plastiki. Kamba za plastiki zilipoenea duniani kuanzia miaka ya 1960, bei ilishuka, na kufikia mwisho wa karne uzalishaji wa Tanzania ulikuwa sehemu ndogo sana ya ule wa 1964. Kisha plastiki yenyewe ikawekewa mipaka: Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, na Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Vikapu vya majani vilirudi sokoni, ingawa mteja wa kawaida hununua mfuko wa bei nafuu uliotengenezwa kiwandani. Anayelipa bei inayolingana na kazi ya mikono kwa kawaida ni mtalii, na barabara ya watalii inapita Karatu na Ngorongoro, si Katesh wala Mbulu mjini.

Kuna pia swali la nani mwingine analihitaji jani. Wairaqw wanajulikana kwa kilimo kinachounganisha mifugo na shamba: mabua na majani hulisha ng'ombe, samadi hurudi shambani. Gunia la maganda ya mahindi linalopelekwa kwenye sanaa limetolewa kwenye hori. Ukindu una tatizo lake: kukata majani machanga yote ya mti mmoja huudhoofisha, na msusi mwangalifu huacha chipukizi la kati na kuupumzisha mti. Mkonge-pori hukua polepole, na vichaka vyake hufyekwa mashamba yanaposogea mabondeni. Hata hivyo huotesheka bila shida. Kipande cha jani chenye urefu wa kiganja, kikiachwa siku chache kikauke jeraha na kuchomekwa wima kwenye mchanga mkavu, hutoa mizizi baada ya wiki kadhaa, na huchukua miaka michache kufikia majani ya kukwangua.